Chumba cha Simsim

Kabla ya kushika sindano, Daktari hushika skana. Huipitisha taratibu katikati ya mabega ya paka, huisubiri ilie, kisha huzisoma tarakimu 15 kwa sauti, moja moja, kama anayemwita mtu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kijana wake msaidizi huzifuata kwa kidole kwenye daftari. Zikilingana, ndipo kifuniko cha sindano kinapotolewa. Nimemwona akifanya hivyo kwa paka aliyemsoma nusu saa tu iliyopita, paka ambaye hajashuka mezani, na chumbani hamna paka mwingine.

Nilimuuliza sababu. "Chanjo nampiga paka," akanijibu, "lakini kule watauliza ni ya namba gani."

Dada yangu alikuwa amepata kazi Uholanzi, na hakuwa tayari kumwacha Simsim. Paka huyu ni mzaliwa wa Lamu, mwenye miguu mirefu, shingo nyembamba na rangi ya ufuta uliokaangwa, ndiyo asili ya jina lake. Dada alimleta Nairobi miaka minne nyuma ndani ya kikapu cha ukili, na safari hiyo haikuhitaji hata kipande cha karatasi. Hii ya pili ilichukua zaidi ya miezi minne. Mimi niliingia kama mbebaji tu, wa kumpeleka paka kwa Daktari dada akiwa kazini. Nikajikuta naenda hata siku ambazo sikuwa na paka wa kumpeleka, nipate kutazama mtu akifanya kazi yake vizuri.

Siku ya kwanza tulikwenda na kadi ya chanjo. Kliniki moja ilikuwa imemchanja Simsim dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka uliotangulia, na kadi ilikuwa na muhuri, sahihi na stika ya chupa ya dawa. Daktari aliisoma yote, akaigeuza, akairudisha mezani. "Na chipu?" Hakuwa nayo. Umoja wa Ulaya unataka chipu itangulie chanjo, au viwekwe siku moja, chipu kwanza. Chanjo iliyotangulia haihesabiwi, maana hakuna kinachothibitisha kwamba paka aliyechanjwa siku ile ndiye huyu aliyeko mezani leo. Kliniki ile haikutuambia, nasi hatukujua kuuliza. Dada alikaribia kulia. Daktari hakumsema mtu vibaya. Alivuta daftari lake kubwa lenye jalada gumu, akafungua ukurasa mtupu, akaandika juu: Simsim. Tarehe 3 Februari.

Daftari lile ningeliweka kwenye jumba la makumbusho. Kila mnyama ana ukurasa wake, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: chipu, chanjo, damu, majibu, cheti, ndege. Mstari wa mwisho kabisa, chini, una neno moja tu, "Kala". Sikuuliza siku hiyo. Nilidhani ni mambo ya ada.

Chipu yenyewe ni kama punje ya mchele, urefu wake milimita 12 hivi, imefungwa ndani ya kioo. Haina betri. Hulala kimya chini ya ngozi maisha yote ya mnyama, na huamka pale tu mawimbi ya skana yanapoigusa, ikataja namba yake, ikalala tena. Sindano ya kuiingizia ni nene, na mtu akiiona anaingiwa na baridi. Daktari alimwekea Simsim jodari wa mkebe kwenye kifuniko cha chupa, akamwacha alambe, akavuta ngozi ya katikati ya mabega kwa vidole viwili, na ilipokwisha Simsim alikuwa bado analamba. Skana ikalia. Namba ikasomwa. Ndipo chanjo.

Kisha kungoja, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nusu ya ufundi huu ni kuhesabu siku. Damu ya kupimia kinga haitolewi kabla ya siku 30 tangu chanjo. Daktari hakuichukua siku ya 30. Alitupangia tarehe 10 Machi, siku ya 35, ili mtu yeyote atakayezihesabu siku, na aanzie popote atakapo, asipate pungufu.

Alituagiza tuje na taulo dogo, na taulo hilo lilale na Simsim usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi alilinusa mwenyewe kwanza, akatikisa kichwa kuridhika. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akamlaza Simsim mapajani, akamviringisha ndani ya lile taulo kama mtoto mchanga, ukabaki nje mguu mmoja wa nyuma. Kijana akalowesha manyoya ya upande wa ndani wa paja kwa spiriti. Daktari akabana kwa dole gumba, na mshipa ukainuka, mwembamba kama uzi wa bluu. Hakuchoma. Alikuwa akitazama ubavu wa paka ukipanda na kushuka. Pumzi moja, ya pili, ya tatu. Katikati ya pumzi ya nne nikaona damu imekwisha kuingia kwenye bomba, na sikuona sindano ilipoingia.

Alivuta polepole mno, hata nikadhani kuna tatizo. Damu ikivutwa kwa pupa, chembe zake nyekundu hupasuka na kuuchafua utomvu unaotakiwa. Alichukua mililita tatu. Paka wa kilo nne ana damu inayokaribia robo lita tu mwilini mwake, glasi moja ya maji, na Daktari huilinda glasi hiyo kama ya mwanawe. Baadaye, damu ilipoganda na kuzungushwa kwenye mashine, aliinua kichupa dirishani. Juu palikuwa na maji ya rangi ya samli iliyoyeyuka, safi. "Ingekuwa na wekundu ningemwomba radhi nikarudia," akasema. Aliyekusudia kumwomba radhi ni paka.

Kichupa hicho husafiri kabla ya paka. Huenda kwenye mojawapo ya maabara zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na maabara hizo husimamiwa na ile iliyoko Nancy, Ufaransa, ambayo ndiyo mwamuzi wa kipimo hiki. Huko utomvu wa damu huchanganywa na virusi hai vya kichaa cha mbwa kwa vipimo vinavyozidi kupunguzwa, kisha huongezwa seli, na siku mbili baadaye hutazamwa kama virusi vimezishinda seli au vimeshindwa. Mnyama anatakiwa awe na angalau yuniti 0.5 za kinga kwa mililita. Simsim alipata 5.1. Dada alipiga kigelegele kwenye simu, na mimi nikiwa ndani ya matatu nikajikuta nacheka peke yangu.

Lakini majibu mazuri hayafungui mlango. Kwa nchi kama zetu, ambako ugonjwa bado upo, mnyama lazima akae miezi mitatu kamili tangu siku damu ilipotolewa. Ugonjwa huu hujificha. Mnyama aliyeumwa kabla ya chanjo anaweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi, kinga yake ikasomeka vizuri, na bado akawa amebeba mauti. Miezi mitatu ni ya kumpa aliyejificha nafasi ya kujitokeza. Dada aliiita eda ya Simsim, na nadhani hakuna neno linaloikaribia zaidi: muda wa kukaa, kutulia, mpaka kilichomo ndani kijulikane. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mtu akishajua hivyo, ile miezi haionekani tena kuwa usumbufu wa maofisa.

Katika miezi hiyo ya eda ndipo Daktari alipoanza kazi anayoipenda zaidi, na kwangu mimi ndiyo kilele cha ufundi wake.

Kile kinachobebea paka, dada alikiita kizimba. Daktari alimsahihisha mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa mkazo. "Mama Simsim, hicho ni chumba. Ukikiita kizimba utakifanya kizimba." Paka, anasema, huwezi kumwambia kwamba kutakuwa na mngurumo wa saa nane, kwamba giza litakwisha, kwamba mwenye nyumba yuko juu yake kwenye kiti namba fulani. Hasikii hayo. Anachosikia ni harufu, na anachoamini ni mazoea. Basi habari yote ya safari lazima afikishiwe kwa njia hizo mbili, mapema, kidogo kidogo.

Wiki ya kwanza tuliambiwa tuondoe nusu ya juu, ibaki sinia ya chini tu, tuiweke sebuleni na tuisahau. Wiki ya pili sahani ya chakula ikasogezwa karibu nayo, kisha ndani yake. Ndani tukatandika leso kuukuu ya dada, ile anayolalia, maandishi yake yamefifia hata hayasomeki. Ilikuwa haramu kuifua. Simsim alikula akiwa amenyoosha shingo, miguu ya nyuma ikiwa nje, tayari kukimbia. Kulala humo alikataa katakata.

Daktari alikuja nyumbani Jumamosi moja. Hakumtazama paka. Alivua viatu, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule, mwanamke wa umri wake, miwani puani, shavu karibu kugusa zulia, akaitazama sebule kutoka mlangoni mwa chumba cha Simsim. Akakaa hivyo kwa dakika kadhaa, mimi na dada tumesimama kimya. Kisha akaweka kiganja chake sakafuni. "Friji," akasema. Mlango ulikuwa umeelekea jikoni, na kila injini ya friji ilipowaka, sakafu ilitetemeka kidogo pale pale. Sisi tulioizoea nyumba hiyo hatukuwahi kuhisi hilo. Tukakigeuza chumba kikaelekea ukuta wa dirishani. Usiku huo Simsim aliingia, akajisugua shavu kwenye ukingo, akajikunja juu ya leso, na tukamsikia akinguruma kooni.

Baada ya hapo nusu ya juu ikarudi, kisha mlango, wazi. Kisha mlango ukafungwa kwa dakika moja. Dakika tano. Saa. Kisha tukambeba mpaka getini na kurudi, kwenye gari mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Kila mara alirudi palepale na jodari akimsubiri.

Si wanyama wote wanaoenea kwenye chumba cha dukani. Aprili, Daktari alinichukua hadi kwa fundi wake, mzee mwenye karakana kando ya Barabara ya Ngong, penye safu ya vitanda na makochi. Siku hiyo palikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, aliyekuwa akihamia Ufini na wenyewe. Mzee alimwachia anuse futi ya kupimia mpaka alipoichoka. Mbwa hupimwa akiwa amesimama kwa raha zake. "Akiinama kwa hofu," Mzee alinieleza, "anakupa kipimo cha mbwa mwingine." Tulimsubiri kama robo saa. Alipoinua kichwa kumtazama mchuuzi wa maji barabarani, futi ikapita: pua hadi shina la mkia, sentimita 98, ardhi hadi kiwiko, 38, upana wa mabega, 30, ardhi hadi utosini, 82. Kanuni ni ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, IATA, na Mzee anayo kichwani: urefu wa sanduku ni kile kipimo cha kwanza na nusu ya cha pili, yaani 117, upana ni mabega mara mbili, 60, kimo ni 82 na unene wa tandiko juu yake. Asimame, ageuke, alale. Akaandika kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi.

Plaiwudi haina masharti, lakini mbao za fremu lazima ziwe zimepashwa joto kuua wadudu na kupigwa muhuri wa kimataifa wenye suke la ngano. Mzee huziweka pembeni, mbali na mbao za vitanda. Matundu ya hewa huyatoboa pande zote nne, makubwa ya kupitisha hewa, madogo ya kuzuia pua na makucha. Alipomaliza msasa, alichukua bonge la pamba akalipitisha ndani kote, pembe kwa pembe, akiwa ameingiza kichwa na mabega. Panaponasa nyuzi, ndipo penye kibanzi. Alipata pawili. Akapiga msasa tena, akapitisha pamba mpya. Hakuna ofisa atakayekagua hilo, si Nairobi wala Helsinki. Mbwa yule alikuwa na hesabu yake nyingine pia: wanaokwenda Ufini hupewa dawa ya minyoo tegu si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kufika, na Daktari aliyekuwa akihesabu siku sasa nilimwona akihesabu saa, akirudi nyuma kutoka wakati wa kutua.

Karibu na safari dada aliingiwa na woga, akaomba Simsim apewe kidonge cha usingizi. Daktari alikataa. Dawa za kulewesha hushusha presha, huvuruga pumzi na uwezo wa mwili kujipasha joto, na huko chini ya ndege, ingawa kuna hewa na joto linalodhibitiwa, hakuna wa kumtazama. Mnyama aliyelewa hawezi hata kujishikilia ndege inapoyumba. Mashirika mengi humkataa uwanjani. "Miezi mitatu tumemfundisha awe macho humo ndani asiogope," akasema. "Sasa tumzime?"

Tarehe 11 Juni tulikwenda Kabete, kwa tabibu wa mifugo wa serikali, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Cheti cha afya huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi ya kuingilia, kwa hiyo hiki kilikuwa na Kiholanzi pia, na kina uhai wa siku 10 tu mpaka mnyama akaguliwe kule. Sahihi na muhuri lazima viwe vya rangi tofauti na chapa. Daktari alikuwa na kalamu tatu za bluu mkobani. Kabla ya cheti kutiwa sahihi aliisoma namba kutoka kwenye skana, akailinganisha na cheti, na majibu ya maabara, na daftari. Mara nne. Mwaka ule wa nyuma, aliniambia tukirudi, alimwona paka wa watu amezuiliwa kwa sababu 6 na 9 zilipishana.

Usiku wa tarehe 12 nilikuwa nyumbani kwa dada. Chakula chepesi kilikwisha kuliwa mapema. Kwenye friza kulikuwa na kikombe cha maji cha Simsim, kimeganda tangu jana yake. Daktari alifika mwenyewe, akafungua vishikizo vyote vya plastiki vya chumba kile na kuweka bolti na nati za chuma, akazikaza kwa mkono na kisha kwa spana. Akatandika pedi ya kunyonya mkojo, juu yake ile leso. Akamvisha Simsim mkanda wa kifuani, kwa sababu uwanjani hutolewa nje wakati chumba kitupu kikipita kwenye mashine ya ukaguzi, na paka anayeponyoka katika ukumbi wa abiria huwa vigumu kumpata tena. Alimwonyesha dada namna ya kumbeba, kidevu cha paka kwenye kiwiko, macho yafunikwe na nguo. Wakafanya mara tatu. Mwisho kabisa akafunga kile kikombe cha barafu mlangoni. Barafu haimwagiki chumba kikiinuliwa. Huyeyuka polepole, tone kwa tone, na paka hupata kulamba njia nzima.

Asubuhi dada alituma ujumbe kutoka Schiphol. Ofisa alikuwa kijana mrefu, alipitisha skana mara moja, ikalia, akaangalia karatasi, akapiga muhuri. Haikuzidi dakika mbili.

Nilimpelekea Daktari habari hiyo kliniki kwake, nikitegemea atafurahi. Alifurahi, lakini hakugusa daftari. "Amekula?"

Sikujua. Mchana nikauliza. Simsim amekaa ndani ya chumba chake, mlango uko wazi, hataki kutoka. Daktari akasema wamwache, wasimvute, mlango usielekee friji. Jioni alinipigia yeye. Nikampigia dada. Bado. Saa nne usiku, nikiwa nimeshalala, simu ikalia: picha ya sahani, nusu yake tupu, na mkia wa rangi ya ufuta ukingoni mwa picha.

Kesho yake nilisimama nyuma ya Daktari akifungua ule ukurasa. Alivuta kalamu, ya bluu, akaandika penye mstari wa mwisho: 13 Juni, saa nne usiku, samaki.

Kisha akaita anayefuata, akashika skana.